Unataka kufosta au kuasili mtoto hapa Kenya? Anza hapa, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. Niko Kongowea nanunua viazi, niko kwenye matatu, wakati mwingine niko matangani kabisa, mtu ananivuta pembeni: "Mama, nasikia wewe walea watoto wa kutoka makao, na mie nataka, naanzia wapi?" Halafu yanafuatana, ni pesa ngapi, lazima uwe na mume, je wazazi wake wakirudi watanipokonya. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa simu mpaka saa nne usiku, ndo nikaona bora niandike yote pahali pamoja ili ukimaliza kusoma ujue kesho asubuhi unaenda wapi na umebeba nini mkononi.

Mie sio afisa wala wakili. Ni mama wa Kisauni, Mombasa tu, nimefosta watoto watano kwa nyakati tofauti, na mmoja nimemuasili, saa hii yuko gredi ya sita.

Kuna jambo moja nakuomba uliweke kichwani kabla ya yote maana ukilikosa hili utagombana na kila ofisi utakayoingia. Ofisi haikutafutii wewe mtoto, inamtafutia mtoto nyumba. Ukiingia pale unasema "nataka msichana, mweupe mweupe, asizidi miezi mitatu" utakaa kwenye foleni mpaka uchoke, na huku kuna kijana wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka sita wanalala kwenye chumba cha vitanda ishirini na hakuna aliyewahi kuwauliza wameota nini.

Na hao wako wengi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama watoto 40,000 hadi 45,000 kwenye makao ya watoto nchini, na wengi wao sio yatima kamili, wana mzazi au jamaa mahali fulani, ni umaskini, ugonjwa au ugomvi wa nyumbani uliowafikisha pale. Serikali yenyewe ilitoa mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao waende kwenye familia. Na wageni wa ng'ambo waliokuwa wakija kuasili, hiyo ilisimamishwa Novemba 2014. Kwa hivyo familia zinazohitajika ni zetu sisi, za hapa hapa, za nyumba ya vyumba viwili na maji ya mkokoteni.

KWANZA JUA UNATAKA NINI

Watu wanachanganya hivi vitu halafu wanashangaa afisa anawarudisha.

Kufosta ni kumlea mtoto kwa muda. Wengine wanaita malezi ya kambo lakini hilo jina linawapoteza watu, wanafikiri ni mtoto wa mume. Mtoto anakuja kwako kwa barua, unamlea kama wako, chakula, shule, hospitali, kumkanya akikosea, lakini jina lake ni lake na kwao ni kwao. Kama mamake akipona au nyanya akipatikana na hali ikiruhusu, anarudi. Hapo ndo umefaulu. Niliwahi kuona mtu amekasirika ati "nimelea bure". Hujalea bure ndugu yangu, hiyo ndo ilikuwa kazi yenyewe.

Kuasili ni moja kwa moja. Korti ikishatoa amri, mtoto ni wako kisheria sawasawa na wa kumzaa, anabeba jina lako, anakurithi, na huwezi kumrudisha kwa sababu amefeli mtihani.

Kafala ni njia ya Waislamu na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kwa jina. Unamchukua mtoto unamlea kikamilifu, ila nasaba haiguswi, anabaki na jina la babake na harithi moja kwa moja. Ukitaka kumwachia kitu unamwandikia wasia ndani ya ile theluthi ya mali yako ambayo dini inakuruhusu kuusia. Huku kwetu pwani wengi walikuwa wanaogopa kuingia ofisini wakidhani wataambiwa waasili, na dini yao haiwaruhusu kubadilisha nasaba. Sasa unaweza kuingia na ukasema wazi nataka kafala. Mambo ya umaharimu mtoto akibaleghe, kama nani avae nini mbele ya nani, muulize kadhi mapema, usingoje mpaka mtoto awe na miaka kumi na nne.

Kama ni mtoto wa dadako marehemu ambaye tayari unaishi naye, hiyo ni malezi ya jamaa. Bado nenda kwa afisa wa watoto akuandikie. Leo mko sawa, kesho anatokea mjomba anataka mtoto kwa sababu kuna pesa za pensheni, na wewe huna hata karatasi moja.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Sheria ya kuasili inataka uwe umetimiza miaka 25 na hujafika 65, na umzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, ingawa kwa jamaa wa damu kuna nafuu. Hata kwa fosta usitarajie kuangaliwa ukiwa chini ya 25. Lazima uwe na mume au mke? Hapana. Wajane wanalea, wasioolewa wanalea. Ila ukiomba peke yako, hasa mwanamume anayeomba mtoto wa kike, jinsia ya mtoto inaangaliwa kwa makini sana, kwa hivyo uliza siku ya kwanza usije ukapoteza miezi.

Makaratasi, tafuta faili moja uweke yote:

- kopi za kitambulisho, chako na cha mwenzio
- cheti cha ndoa, au cha talaka au kifo kama ndo hali yako
- cheti cha tabia njema cha polisi, unaomba kwa eCitizen halafu unaenda kupigwa alama za vidole
- ripoti ya daktari ya afya yako
- kitu cha kuonyesha kipato: peslip, stetimenti ya benki au ya M-Pesa, kama unauza mboga leta daftari lako la mauzo na leseni ya kaunti
- barua ya chifu, na watu wawili watatu wa kukudhamini kwa tabia, mmoja akiwa imamu au mchungaji inasaidia
- picha za pasipoti

Piga kopi tatu za kila kitu. Naongea kwa sababu faili langu liliwahi kupotea ofisini na nikaanza upya kutoka kwa chifu.

Kitu kingine sio karatasi. Kaa chini na kila mtu anayelala kwenye hiyo nyumba, hata kama ni mtoto wako wa miaka saba, umwambie kuna mwenzio anakuja. Afisa atakuja kuwauliza, na atawauliza wewe ukiwa jikoni.

HATUA

1. Nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo unayoishi. Sio makao, ofisi. Ni ya Idara ya Huduma kwa Watoto na mara nyingi iko pale pale kwa ofisi za naibu kamishna. Uliza afisa wa watoto, mwambie waziwazi unataka nini kati ya yale ya juu. Kufosta hakuna ada ya kujiandikisha. Akikupa fomu isome nyumbani, usijaze hapo mlangoni.

Kosa kubwa hapa: watu wanaenda moja kwa moja kwenye makao, wanampenda mtoto, wanaanza kumletea nguo kila Jumamosi, wanamwambia "nitakuchukua". Halafu inakuja kujulikana mtoto ana mama Malindi anayemtafuta. Yule mtoto ameshawaambia wenzake wote kwamba ana mama mpya. Usimuahidi mtoto kitu chochote mpaka afisa akwambie. Na meneja wa makao hana mamlaka ya kukupa mtoto peke yake hata akiwa rafiki yako wa miaka, lazima idara iwe ndani.

2. Kama ni kuasili, chukua pia shirika la kuasilisha lililosajiliwa. Hiyo kazi ya kukukagua, kukuandalia mtoto na kumpeleka mpaka kortini inapitia kwa shirika lenye leseni. Muombe afisa akupe orodha ya yaliyosajiliwa wakati huo, usichukue jina kwa mtu wa facebook. Hapa kuna ada, ya shirika na ya wakili, uliza yote kwa maandishi kabla hujaanza, na kila shilingi iwe na risiti.

3. Kubali kukaguliwa. Watakuja nyumbani zaidi ya mara moja na wakati mwingine bila kukwambia. Wataangalia mtoto atalala wapi, maji, choo, jikoni kuko vipi, dawa zimewekwa wapi. Watakuuliza umelelewa vipi wewe mwenyewe, mnagombana vipi na mwenzio, kwa nini unataka mtoto. Majirani wataulizwa.

Watu wanaharibu hapa kwa kujipamba. Mama mmoja aliazima sofa na televisheni kwa shemeji yake, afisa alipokuja wiki ya pili bila taarifa akakuta mkeka. Mkeka haukuwa shida kabisa! Shida ni kwamba sasa hawakujua ni kipi kingine alichoazima. Mwambie ukweli, kama ulipoteza mimba tatu na bado unalia usiku sema, watakuelekeza kwa mshauri kwanza. Mtoto hawezi kuja kuziba pengo la mtoto mwingine, ni mzigo hawezi kuubeba.

4. Uliza maswali kuhusu mtoto mpaka uchoke. Wakikwambia kuna mtoto, uliza alipatikana vipi na kama kuna namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ana ndugu wangapi na wako wapi, chanjo, dawa anazotumia, ana HIV au la na anajua au hajui, anaongea lugha gani, dini ya kwao ni gani, anaogopa nini, analala vipi. Dini ni muhimu maana unatakiwa uwe wa dini yake au uahidi kumlea katika dini yake. Mtoto wangu wa tatu alikuwa Mgiriama aliyekuwa hajui Kiswahili kizuri na hakuna aliyenitajia, nikawa nadhani ni kiziwi wiki nzima, mpaka mama muuza mnazi alipopita mlangoni akasalimia kwa Kigiriama na mtoto akaruka kumjibu. Niliona haya mpaka leo.

Ukiambiwa ni ndugu wawili au watatu, fikiria mara mbili kabla ya kusema nitachukua mmoja. Wawili kwenye kitanda kimoja wakiwa pamoja ni rahisi kuwalea kuliko mmoja anayelia akimtafuta mwenzake.

5. Mzoee polepole kabla hajahamia. Mara ya kwanza mtembelee kule kule, mara ya pili mtoke mkale chipsi, mara ya tatu aje ashinde kwako arudi jioni. Ukiona wanataka kukukabidhi mtoto siku hiyo hiyo uliyomuona, na sio dharura, uliza kwa nini.

6. Siku ya kumchukua, usitoke bila karatasi. Barua ya idara ya kukukabidhi mtoto yenye jina lako na lake, kopi ya amri ya korti iliyompeleka makao kama ipo, kadi ya kliniki, ripoti ya shule. Siku moja utasimamishwa na askari kwenye roadbloku na mtoto asiyefanana na wewe na hutakuwa na la kusema. Na huruhusiwi kumvusha mpaka bila idhini, hata kama ni harusi tu ya Tanga, omba mapema.

Mwambie akusanye vitu vyake mwenyewe, hata kama ni kaptula imechanika na gurudumu la gari la plastiki. Usivitupe. Wa kwangu wa pili alikuja na kijiko. Kijiko cha bati tu, alikuwa amekificha kwenye soksi. Nilikiosha nikakiweka pamoja na vijiko vyangu nikidhani nimefanya vizuri, akalala na njaa siku hiyo akikataa kula mpaka nikakipata na kumrudishia mkononi.

7. Miezi ya kwanza tegemea mambo ya ajabu. Hapa ndo napigiwa simu zaidi kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Mtoto aliyekaa sana makao atakuwa mzuri mno mwanzo, anaamka saa kumi na moja anasimama kando ya kitanda anasubiri kengele. Anaomba ruhusa kwenda chooni. Anamwita kila mwanamke mama, atamkumbatia hata mtu wa kusoma mita ya stima, na wewe utadhani ana upendo mwingi, kumbe hajawahi kuwa na mtu mmoja wa kwake. Hajui unga unanunuliwa, alidhani chakula kinatoka dirishani. Nenda naye sokoni, mpe shilingi hamsini alipe nyanya mwenyewe.

Halafu baada ya wiki tatu nne anageuka. Anavunja, anadanganya, anakojoa kitandani, anakwambia wewe sio mamangu. Watu wengi wanamrudisha mtoto hapa, na inaniuma kwa sababu mara nyingi hapo ndo ameanza kukuamini, anakujaribu aone na wewe utamrudisha kama wengine. Kaa. Jibu lile lile kila siku kwa sauti ile ile.

Chakula kikifichwa, utakuta chapati chini ya mto, mkate ndani ya begi la shule umeota ukungu. Usimpige, usimuite mwizi, usimcheke mbele ya watu. Mimi niliweka bakuli la kifuniko na ndizi na biskuti mbili pale anapofikia, nikamwambia hii ni yako, usiku ukiamka kula, ikiisha nitajaza. Alikula yote siku tisa mfululizo. Siku ya kumi alibakisha ndizi.

Kumpiga ni marufuku kabisa, hata kofi la mapenzi mnaloita. Wengi wa hawa watoto walitolewa nyumbani kwa sababu ya kupigwa.

8. Kama ni fosta, shika ratiba ya afisa na ya kwao. Afisa atakuja kuangalia. Kama kuna mama au nyanya anayeruhusiwa kumuona, mpeleke siku iliyopangwa, amevaa vizuri, na usimseme mamake vibaya mbele yake hata kama unayajua aliyoyafanya. Andika daftari dogo: amelala vipi, amepata malaria lini, amesema nini. Hilo daftari litakusaidia wewe na afisa, na siku akirudi kwao kabidhi kopi kwa mamake ajue mwanawe alipoteza jino lini. Muda wa fosta umewekewa mpaka na unaweza kuongezwa, kumbuka kuomba kabla haujaisha.

9. Kama ni kuasili, ngoja utaratibu ukamilike. Mtoto lazima awe amefikisha wiki sita, awe ametangazwa kuwa huru kuasiliwa na kupewa cheti cha hilo. Kwa aliyeokotwa, polisi wanawatafuta wazazi au jamaa zake kwanza na kwa kawaida inachukua kama miezi sita kabla ya barua ya mwisho ya kusema hakuna aliyejitokeza. Kisha akae na wewe hapa Kenya angalau miezi mitatu mfululizo ukisimamiwa, ndo wakili apeleke ombi Mahakama Kuu. Korti inamteua mtu wa kulinda maslahi ya mtoto, naye atakuhoji, na idara inatoa ripoti yake. Kesi inasikilizwa chemba, sio mbele ya watu. Amri ikitoka jina la mtoto linaingizwa kwenye rejista ya watoto walioasiliwa na unapata cheti chake.

Mimi ilinichukua mwaka na miezi minne kutoka fomu ya kwanza. Siku ya amri jaji alimuuliza binti yangu anataka kusema nini, akasema anataka kwenda nyumbani ana njaa.

Umeajiriwa? Tangu 2021 sheria ya ajira inakupa likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili mtoto anapokuja kwa ajili ya kuasiliwa. Mwandikie mwajiri angalau siku 14 kabla, ambatisha karatasi za shirika. Wengi hawaijui hii, hata HR wenyewe.

10. Mwambie ukweli mapema. Usingoje atimize miaka 18, usingoje aumizwe na maneno ya jirani. Mwambie akiwa mdogo kabisa, kama hadithi, kwamba kuna mama aliyekubeba tumboni na kuna mimi ninayekubeba mgongoni. Ukimwambia ana miaka mitatu anazoea kama anavyozoea jina lake. Akiambiwa na mpwa wako kwenye harusi ana miaka kumi na tano, atakuuliza ni kipi kingine umemficha.

TAHADHARI MOJA KUBWA SANA

Usinunue mtoto. Najua nasema kitu kibaya lakini inatokea, mtu amehangaika miaka na uzazi, anatokea nesi au mama wa mtaa anasema kuna msichana anakaribia kujifungua hamtaki mtoto, leta elfu kadhaa tutaandika jina lako hospitali. Kwa macho yako inaonekana ni msaada. Kwa sheria ni biashara ya watoto, kuna sheria ya 2010 ya kupambana na usafirishaji wa watu na kifungo chake ni cha miaka mingi. Na hujui kama huyo msichana aliambiwa mwanawe amekufa. Ukijua msichana wa namna hiyo kweli, mpeleke ofisi ya watoto yeye mwenyewe, akiwa na haki ya kubadilisha mawazo.

Ukikuta mtoto ametupwa, usimpeleke kwako "mpaka kesho". Polisi kwanza, upate namba ya OB, halafu hospitali. Namba ya bure ya watoto ni 116, usiku na mchana.

UKIKWAMA

Afisa haonekani ofisini. Ni mmoja na eneo lake ni kubwa, ana kesi za korti pia. Uliza siku zake za korti ni zipi, uje siku nyingine, saa mbili asubuhi. Ukienda mara tatu hukumpata, panda kwa mratibu wa watoto wa kaunti na uwe umeandika tarehe ulizoenda.

Shule inadai cheti cha kuzaliwa na mtoto hana. Beba barua ya idara kwa mwalimu mkuu, aanze masomo huku afisa akishughulikia cheti. Mtoto asikae nyumbani kwa sababu ya karatasi. Akikataa rudi kwa afisa, usigombane getini mtoto akiwa amesimama hapo.

Pesa zimekaza. Fosta hapa kwetu sio mshahara, hakuna anayekulipa mwisho wa mwezi, na kama umeingia kwa hesabu hiyo tafadhali toka. Lakini shida ikikupata mwambie afisa mapema, uliza basari, uliza misaada iliyoko kwenye kaunti ndogo yako. Hakuna aibu. Mtoto hapelekwi mbali kwa sababu mwezi huu mnakula maharagwe.

Ukoo wamekataa, wanasema analeta laana, hujui damu yake. Mamangu mzazi alikataa kumgusa mtoto wangu wa kwanza miezi miwili. Sikubishana naye. Nilimwacha mtoto awe anampelekea chai asubuhi, basi, siku moja nikakuta anamsuka nywele na mimi nikapita kama sijaona. Ila kama ni mtu anayemtukana au kumtisha mtoto, huyo asikanyage nyumbani, hata awe nani.

Mtoto wako wa kuzaa ana wivu. Atakuwa nao, ni haki yake. Mpe nusu saa yake peke yake kila siku, hata ni ya kufua naye soksi, na usimlazimishe kugawana kila kitu. Kitanda chake kibaki chake.

Umeshindwa kabisa. Inatokea. Piga simu kwa afisa kabla hujafika pabaya, sema nimeshindwa nahitaji msaada, mara nyingi ni mapumziko ya wikendi au mshauri tu unahitaji. Kitu kibaya ni kumrudisha mtoto kimya kimya, unamwacha getini pale makao na begi. Kama lazima aondoke, mwambie mwenyewe, ukiwa umekaa chini, kwamba sio kosa lake.

Mtoto amerudi kwao na nyumba imekuwa kimya. Wa kwangu wa nne alirudi kwa nyanya yake Kwale baada ya miezi kumi na moja. Nilimfungia nguo zake, kiatu kipya, ile daftari, na bakuli lake la kifuniko. Wiki mbili nilikuwa naweka sahani ya ziada mezani bila kujua. Nilimwambia afisa nipe muda, akanipa, hakunilaumu. Fua mashuka, lia kama unataka kulia, usikubali mtoto mwingine wiki hiyo hiyo hata wakikubembeleza. Siku ukijikuta umepita dukani ukanunua mswaki mdogo bila kupanga, mpigie afisa umwambie kitanda kiko wazi.